Malezi ya uongozi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza: mfano wa Mlimani

Malezi ya uongozi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni kazi ambayo karibu kila chuo kikuu hujigamba nayo. Vingine huandaa semina na kugawa vyeti, vingine huweka somo lake kwenye ratiba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho watu wengi hukiita Mlimani tu, kimelea viongozi kwa njia nyingine kabisa: kwa baraza, kwa gazeti, kwa mgomo, na siku hizi kwa foleni ya kusaini fedha za kujikimu. Historia yake inaonyesha kwamba kijana hujifunza kuongoza pale anapokabidhiwa jambo la kweli, lenye watu watakaomdai majibu kesho yake asubuhi. Inaonyesha pia kinachotokea anapopokonywa jambo hilo.

Mwanzo

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba. Kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mmoja wao, Julie Manning, alikuja kuwa Waziri wa Sheria katika miaka ya 1970. Darasa dogo namna hiyo halikuhitaji serikali ya wanafunzi. Kila mtu alimfahamu mwenzake kwa jina na kwa tabia. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia kilimani. Hapo ndipo idadi ilipoanza kukua, na chama cha wanafunzi kikapata kazi.

Rais Julius Nyerere mwenyewe alikuwa zao la malezi ya aina hii. Alipokuwa Makerere kati ya 1943 na 1945, yeye na wenzake, akiwemo Hamza Mwapachu, waliunda chama cha wanafunzi wa Tanganyika, ambacho baadaye kilijiunga na TAA, chama kilichotangulia TANU. Kwa hiyo alijua vizuri kinachoweza kuanzia katika chumba cha bweni, na huenda ndiyo sababu hakuwahi kuwapuuza wanafunzi hata alipowakasirikia.

Oktoba 1966

Alikasirika sana tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wahitimu watalitumikia taifa kwa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao, wakaishia Ikulu, wakasoma madai yao na kujibiwa. Waliofukuzwa walikaribia 400. Siku hiyo hiyo Nyerere alitangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20.

Ni vigumu kusoma habari hizi bila kuzionea uchungu pande zote mbili. Vijana walikuwa na hoja kuhusu mkataba wa kazi, lakini walikwenda kuidai mbele ya nchi ya wakulima wakiwa na majoho mabegani, na mabango yao mengine yalidai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa na nafuu. Walikuwa wamejifunza kudai, hawakuwa wamejifunza kutazama wanamdai nani na nani anawatazama. Wengi walirudishwa mwaka 1967. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwemo Samuel Sitta, ambaye mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge la Muungano.

USARF na Cheche

Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilitolewa Februari 1967, na kabla mwaka haujaisha wanafunzi wachache waliunda USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda. Wanachama hawakuwa wengi, na hawakuwa na ofisi ya maana wala fedha, lakini walikuwa na ada moja iliyowajenga: madarasa ya Jumapili. Walipangiana vitabu vya kusoma na kujadili, na kila mtu alijua kwamba asiyesoma ataumbuka mbele ya wenzake. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikaa nao kama mshiriki, akihojiwa kama wengine. Ada hiyo ya mwalimu kukubali kubishiwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili inastahili kutajwa kwa heshima, maana bila yake vitabu peke yake visingezaa kitu.

Mwaka 1968 Museveni na wenzake walisafiri hadi maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji, na tasnifu yake ya shahada ya kwanza ikapima nadharia ya Frantz Fanon kwa aliyoyaona huko. Novemba mwaka huo huo USARF ilikabili Rag Day, desturi iliyotoka Uingereza, ambapo wanafunzi walivaa matambara na kuzunguka mjini kwa malori wakichangisha fedha za maskini. USARF waliona kwamba kuvaa umaskini kama vazi la sherehe ni kuwadhihaki wanaouvaa kila siku. Wenzao hawakusikia. Asubuhi ya siku yenyewe matairi ya malori yalikutwa hayana upepo, na desturi ikafa. Mtu anaweza kulaumu njia waliyotumia. Tatizo walilolitaja lilikuwa la kweli.

Gazeti lao, Cheche, lilitoka kwa mara ya kwanza Novemba 1969. Jina hilo ni tafsiri ya Iskra, gazeti la Lenin, na lilimkumbuka pia Kwame Nkrumah, ambaye naye alikuwa na gazeti la jina hilo kwa Kiingereza. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, wote wanafunzi. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Makala ilichapwa kwa taipureta kwenye stensili, na kila herufi iliyokosewa ilifunikwa kwa rangi maalumu, ikasubiriwa ikauke, ndipo ikachapwa upya juu yake. Kisha stensili ikaingia kwenye mashine ya kurudufu, kurasa zikapangwa moja baada ya nyingine na kubanwa pini. Aliyechelewesha makala aliwachelewesha wote, na aliyeandika uvivu alisomwa na chuo kizima. Toleo maalumu la Septemba 1970 lilibeba andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na wasomi wakubwa wa ng'ambo wakaliandikia majibu. Mwandishi wake alikuwa kijana aliyekuwa ndio kwanza amehitimu sheria.

Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba Tanzania haikuhitaji itikadi ya kuazima, na jina la gazeti lilinukia Urusi. Vijana wale wale waliendelea chini ya tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, wakaanzisha gazeti jipya na kuliita MajiMaji, kwa vita ya 1905. Hapo hakuna aliyeweza kusema jina limetoka Urusi. Kushindwa bila kusambaratika, na kujibu kwa jina tu, ni ustadi ambao hakuna semina iliyowafundisha.

Orodha ya waliopita katika miduara hiyo ni ndefu. Museveni alishika madaraka Uganda Januari 1986 na hakuyaachia kwa miongo iliyofuata. John Garang, aliyekuja Mlimani akitokea masomoni Marekani, alianzisha SPLM mwaka 1983. Meghji alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Willy Mutunga, aliyesoma sheria Mlimani miaka hiyo, alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016. Orodha hii isisomwe kama cheti cha ubora. Malezi yale yaliwapa ujasiri, usomaji na uwezo wa kupanga watu; namna ya kuachia madaraka haikuwa katika mambo yaliyojadiliwa Jumapili.

Barua ya Akivaga

Julai 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu kamili, na Pius Msekwa akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Mwaka uliofuata rais wa DUSO, chama cha wanafunzi, alikuwa Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya. Februari 1971 TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, uliokataza viongozi kuwa na kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Wanafunzi waliuchukua kwa dhati. Julai Akivaga alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi akikosoa jinsi chuo kilivyoendeshwa bila wanafunzi kushirikishwa. Askari wa kutuliza ghasia, FFU, waliletwa chuoni, akachukuliwa na kurudishwa Kenya. Wanafunzi wakasusia masomo, na baadhi ya wahadhiri wakasimama nao hadharani.

Baadaye Akivaga aliruhusiwa kurudi kumaliza masomo, na nafasi ya wanafunzi katika vikao vya chuo ikapanuka. Hili la pili ndilo lenye uzito zaidi. Mwanafunzi anayeingia kwenye kikao cha bajeti huona vizuri kwa nini choo cha bweni hakitengenezwi: fedha zimetengwa kwa nini, nani amesaini, nani amekaa kimya. Hapo malalamiko yake hugeuka kuwa hoja.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga marupurupu mapya ya mawaziri na wabunge. Tofauti na 1966, walikuwa upande wa mlipa kodi. Wakafukuzwa kwa mamia. DUSO ikafutwa, na mahali pake ikaja MUWATA, iliyowekwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, CCM. Viongozi wa wanafunzi sasa walikuwa na walezi juu yao. Waliendelea kuchaguliwa na kukutana, lakini neno la mwisho halikuwa lao. Matokeo yake yalionekana mwaka 1990: mgogoro wa wanafunzi na serikali ulipolipuka, chuo kilifungwa Mei na hakikufunguliwa mpaka mwaka uliofuata. Baada ya hapo wanafunzi walipata chama chao tena, DARUSO, kinachoendelea hadi leo.

Punch na nafasi ya wanawake

Mwaka huo huo wa 1990 ulifichua ubaya uliofumbiwa macho kwa muda mrefu. Mlimani palikuwa na Punch, maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi iliyobandikwa ukutani, ikiwaanika wanafunzi, hasa wasichana waliokataa kutongozwa au waliojitokeza mno. Aliyepigwa Punch alitengwa, na aliyekaa naye alihatarisha jina lake. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandamwa hivyo mpaka akajitoa uhai. Ndipo Punch ikapigwa vita.

Jambo hili ni la msingi katika makala ya uongozi, si la pembeni. Chuo kilichojivunia mabaraza yake kiliacha ukuta mmoja uwaambie wasichana wote kwamba atakayesimama mbele za watu atalipa. Msichana aliyejifunza kunyamaza mwaka wa kwanza hakuweza kugombea mwaka wa tatu. Wanaohesabu wanawake wachache katika orodha ya marais wa wanafunzi wa zamani waanzie kwenye ukuta huo.

Bumu na CR

Leo mahali pa kujifunzia uongozi ni padogo zaidi kuliko baraza. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hulipa fedha za kujikimu ambazo wanafunzi huziita bumu. Zikichelewa, chuo kizima hupungua uzito. Mwanafunzi husaini ili alipwe, na jina lake lisipokuwepo kwenye orodha, wa kwanza kuulizwa ni CR, mwakilishi wa darasa.

CR ni kijana wa miaka 21 mwenye simu iliyopasuka kioo na kundi la WhatsApp la watu 300. Asubuhi anapokea majina ya waliokosa, anayapanga kwa namba ya usajili, anayapeleka kwa waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi, wanaongozana mpaka dawati la mikopo. Anaambiwa arudi Alhamisi. Sasa arudi kwa wenzake aseme nini? Akisema "inatoka kesho" ili apendwe, kesho ataitwa mwongo. Akisema "sijui" na kuondoka, hatapewa tena majina. CR mzuri huandika: nimemwona fulani saa nne, amesema majina 17 yana kasoro ya akaunti za benki, wenye majina haya waje na kadi zao Jumatano saa mbili. Katika ujumbe huo mmoja kuna taarifa, uwajibikaji na njia ya kutokea. Kijana aliyeuandika mara kumi amefunzwa kitu ambacho atakibeba hadi ofisi ya kijiji au ya wizara.

Kwa majirani

Kenya iliamua kulishughulikia suala la uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi kwa sheria. Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja, yakaweka wajumbe wa kuchagua, na yakataka makamu mwenyekiti awe wa jinsia tofauti na mwenyekiti. Ushindani wa vurugu ulipungua, lakini mwanafunzi wa kawaida alipoteza zoezi la kumsikiliza mgombea na kumpima. Makerere ilisimamisha uchaguzi wa serikali ya wanafunzi Julai 2022 baada ya kijana kuuawa wakati wa kampeni, kisha upigaji kura ukahamia mtandaoni.

Kumbukumbu

Udhaifu mkubwa wa serikali za wanafunzi ni muda. Kiongozi hukaa mwaka mmoja, na miezi kadhaa kati ya hiyo ni mitihani na likizo. Anapoanza kufahamu ofisi ipi ina majibu, kampeni za mrithi wake zimeshaanza. Cheche imesalimika na hali hiyo kwa sababu waliolitengeneza waliamua kuandika: mwaka 2010 Hirji alihariri kitabu cha kumbukumbu za gazeti hilo, kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kijana anayetaka kuanzisha gazeti leo anaweza kusoma jinsi lile lilivyoandaliwa, lilivyosomwa na lilivyofungwa. Waziri mpya wa mikopo hana kitabu. Ana namba ya simu ya aliyemtangulia, na huyo sasa yuko mafunzo ya vitendo mkoani, akipokea simu akiwa na nafasi.