Safari ya Maporomoko ya Murchison: Nani Aligundua, Nani Alipelekwa?

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Sisi walimu wa lugha twaweza kuongeza kwamba kuona mengi bila kujiandaa ni kupita tu. Nalisema hili kwa sababu idara yetu inaandaa tena ziara ya wanafunzi wa mwaka wa pili kwenda Maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nami ndiye niliyepewa jukumu la kuipanga.

Ziara iliyotangulia niliipanga vizuri kwa upande wa basi, chakula na malazi. Wanafunzi walifurahi, wakapiga picha, wakarudi salama. Niliposahihisha ripoti zao za Kiswahili nikakuta karibu zote zinaanza na sentensi ileile: "Maporomoko haya yaligunduliwa na Samuel Baker mwaka 1864." Sarufi ilikuwa sahihi. Sikuona mahali pa kuweka kalamu nyekundu, na hata hivyo nilihisi kuna kosa kubwa. Kosa lenyewe lilikuwa langu. Niliwapeleka wanafunzi mahali penye historia bila kuwapa historia hiyo.

Makala haya basi yanakusudia kumsaidia mwalimu na mwanafunzi kuipanga safari hii kwa njia nyingine. Nitafuata njia tutakayopita, na katika kila kituo nitaeleza kilichotokea hapo.

Siku ya kwanza: Kampala hadi Masindi

Kutoka Kampala tutafuata barabara ya Gulu, kisha karibu na Mto Kafu tutachepuka kuelekea Masindi. Safari hii ni ya zaidi ya kilomita 200, na kwa basi la wanafunzi ni vizuri kuondoka alfajiri. Miezi ya kiangazi, hasa Desemba hadi Februari, ndiyo inayofaa zaidi.

Masindi tutalala, lakini hatutaiona kama mahali pa kulala tu. Hapa ndipo palipokuwa na makao ya Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1872 Samuel Baker alikuja hapa, safari hii akiwa mtumishi wa mtawala wa Misri, akatangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri. Kabalega hakukubali. Mwezi Juni mwaka huo yakatokea mapigano, Baker akauteketeza mji kwa moto, kisha akalazimika kurudi nyuma huku akishambuliwa njiani.

Vita vikubwa zaidi vilikuja baadaye. Kuanzia mwishoni mwa 1893 Waingereza waliishambulia Bunyoro, na Kabalega akapigana nao kwa miaka kadhaa kwa kuvizia na kuhamahama. Bunduki zake nyingi alizipata kwa biashara, na miongoni mwa waliomwuzia walikuwamo wafanyabiashara wa kutoka Unguja na pwani. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa ng'ambo ya Nile, katika nchi ya Lango, pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda. Wote wawili wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini alifariki Jinja mwezi Aprili kabla ya kufika kwao. Jina lake tutakutana nalo tena mbele.

Siku ya pili: juu ya maporomoko

Kutoka Masindi tunaingia hifadhini kupitia upande wa msitu wa Budongo. Siku hizi njia ni ya lami hadi Paraa, na daraja limechukua nafasi ya kivuko cha zamani. Kiingilio hulipwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, nayo hutoza raia wa Afrika Mashariki kiasi kidogo kuliko wageni wa mbali. Kwa hiyo kila mwanafunzi abebe kitambulisho.

Boti huondoka Paraa kupanda mto, na baada ya takriban saa mbili huwafikisha wasafiri karibu na chini ya maporomoko. Njiani wataonekana viboko, mamba na tembo. Anayetaka huteremka na kupanda kwa miguu hadi juu, mwendo wa kama saa moja hivi. Viatu viwe imara, maana mawe huteleza kwa manyunyu. Ukifika juu utaona jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha. Mto Nile wote, mpana kiasi cha kubeba meli, unajibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha unatumbukia mita 43. Ardhi inatetemeka chini ya nyayo.

Hapo ndipo nitakapowauliza wanafunzi: Je, Baker aligundua?

Tuyatazame mambo kwa utaratibu. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Grant waliondoka pwani ya Unguja na Bagamoyo kutafuta chanzo cha Nile. Mkuu wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja akiwa huru. Speke alizungumza naye Kihindustani, na Bombay akazungumza na wapagazi Kiswahili. Kwa hiyo msafara huo ulioingia Bunyoro mwaka 1862 ulitembea kwa Kiswahili. Mwezi Novemba ulifika Karuma, mbele kidogo ya mahali Nile inapogeuka kuelekea magharibi. Badala ya kuufuata mto, msafara ukakata njia kuelekea kaskazini. Bombay na wenzake wakayapita maporomoko bila kuyaona.

Februari 1863 Speke na Grant walikutana na Baker huko Gondokoro, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Wakamweleza habari walizozisikia Bunyoro, kwamba upande wa magharibi kuna ziwa kubwa ambalo Nile huingia na kutoka. Speke hakuliona ziwa hilo. Alilisikia kwa wenyeji, na Baker akaisikia habari hiyo kwake.

Baker hakujua Kinyoro. Yeye na mwenziwe Florence walitegemea Kiarabu, na kwa Kinyoro walimtegemea mwanamke mmoja aitwaye Bacheeta. Huyu alikuwa mzaliwa wa Bunyoro aliyekuwa mtumwa kwa wafanyabiashara wa kaskazini, na katika utumwa huo alijifunza Kiarabu. Tunalijua jina lake kwa kuwa Baker mwenyewe alilitaja katika kitabu chake cha 1866. Maneno mengi aliyoyapata Baker kutoka kwa watu wa Omukama Kamurasi yalipitia kinywani mwa mwanamke huyu. Kamurasi ndiye aliyetoa ruhusa na waongozaji, baada ya kuchelewesha sana.

Tarehe 14 Machi 1864 Baker alilifikia ziwa ambalo Wanyoro wanaliita Mwitanzige, akalipa jina la Albert, mume wa malkia wake. Kutoka hapo wenyeji waliwapigia makasia karibu wiki mbili hadi Magungo, mahali mto unapoingia ziwani. Baker na Florence walikuwa hoi kwa homa. Kutoka Magungo wapiga makasia wakaupandisha mtumbwi mtoni hadi maporomoko yakaonekana. Baker akakisia kimo chake kuwa futi 120, akayaita kwa jina la Roderick Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. "Gundua" kwa maana yake ya kawaida ni kutambua jambo lililokuwa limefichika. Lakini limefichika kwa nani? Si kwa Kamurasi, si kwa Bacheeta, wala si kwa wapiga makasia waliojua mahali pa kusimamisha mtumbwi. Kiswahili kina kitenzi kinachosema kweli zaidi, nacho ni cha kutendwa: Baker alipelekwa. Ukiandika "alipelekwa", msomaji atauliza, "Na nani?" Swali hilo moja linawarudisha katika historia watu waliofutwa na kitenzi "aligundua". Anayeona kwamba nambeza Baker hajanielewa. Alistahimili njaa na maradhi, na kitabu chake ndicho kinachotuwezesha leo kumtaja Bacheeta. Ninachodai ni kwamba kila mtu apewe kitenzi chake.

Nchi iliyofanywa kuwa pori

Wanafunzi wengi wakitazama kutoka juu husema, "Tazama pori ambalo mtu hajalikanyaga." Hapa pia tunahitaji tahadhari. Chini ya maporomoko palikuwa na kijiji cha Fajao, mahali pa wavuvi na wasafiri. Winston Churchill alipopita Bunyoro mwaka 1907, sehemu ya njia akiendesha baiskeli, alifika Fajao, na alipoyaona maporomoko alianza kuwaza namna nguvu ya maji hayo inavyoweza kutumiwa.

Leo Fajao haipo. Vita vya miaka ya 1890 vilikuwa vimekwisha kuipunguza sana Bunyoro kwa risasi, njaa na maradhi. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ambao ulilipuka Busoga kuanzia mwaka 1900 na kuua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria. Ulipofika ukanda wa Nile na Mwitanzige, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi. Watu wakaondoka, wanyama wakaongezeka, na nchi iliyokuwa na vijiji ikatengwa kuwa eneo la kulinda wanyama, hadi mwaka 1952 ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Januari 1954 ndege iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway ilianguka karibu na maporomoko baada ya kugonga waya wa simu wa zamani. Hata waya huo ulikuwa shahidi kwamba hapo zamani palipita habari za watu.

Majina matatu

Tulipokuwa tukiandika barua ya kuomba ruhusa, mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Hoima aliniuliza, "Mwalimu, tuandike Murchison au Kabalega?" Ni swali la haki. Mapema katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliyaita Maporomoko ya Kabalega. Amin alipoondolewa Aprili 1979, jina la Murchison likarudi. Mfalme aliyepigania nchi hiyo akaondolewa kwenye ramani kwa sababu ya kosa la yule aliyemweka, hali mwanajiolojia wa London ambaye hakuwahi kufika hapo akarudishwa. Mwaka 2009 Kabalega alitangazwa kuwa shujaa wa taifa. Maporomoko hayakubadilishiwa jina.

Lakini kuna jina la tatu, ambalo watalii wengi hawalitilii maanani. Mvua kubwa za 1961 na 1962 ziliujaza mto hadi ukavunja njia nyingine kando ya ile ya zamani. Maporomoko mapya yakazaliwa mwaka uleule Uganda ilipopata uhuru, yakaitwa Uhuru.

Ndugu msomaji, ninaomba ulitafakari jina hilo. Hapa kwetu Kiswahili kimesemwa vibaya sana. Kiliitwa lugha ya askari na ya wezi, na kutangazwa na Amin kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukukisaidia mbele ya watu walionyanyaswa kwa lugha hiyo. Kilisubiri hadi 2005 kuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba. Hata hivyo, watu walipotafuta neno la kuyapa maji yaliyojifungulia njia yenyewe, hawakuchukua la Kiingereza. Walichukua neno ambalo Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikilitamka siku zile. Jina hilo halimtukuzi mtu yeyote, wala halihitaji tafsiri.

Siku ya tatu: Paraa, Pakwach na Karuma

Asubuhi tutavuka daraja la Paraa na kupita ng'ambo ya kaskazini kuelekea Pakwach, tukitoka kwa wasemaji wa Kinyoro na kuingia kwa wasemaji wa lugha za Kiluo. Jina Paraa lenyewe husemwa kuwa linatokana na viboko katika lugha hizo. Njiani tutaona dalili za uchimbaji wa mafuta, kwani visima vya mradi wa Tilenga vilianza kuchimbwa ndani ya hifadhi mwaka 2023. Bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 limepangwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Bunyoro yatakwenda pwani kwa njia inayokaribia kugeuza ule msafara wa Bombay.

Kisha tutarudi kupitia Karuma, ambako leo kuna bwawa la umeme la megawati 600. Mwezi Juni 2019 ilitangazwa kwamba kampuni moja inaomba leseni ya kuzalisha umeme karibu na Maporomoko ya Uhuru, na wananchi na wenye biashara ya utalii wakapinga kwa nguvu. Wazo la Churchill halijafa. Asiyejua thamani ya mahali hatajua la kusema siku litakaporudi, naye mwanafunzi anayejua tu kwamba mzungu fulani aligundua maji hana cha kutetea.

Kazi ya wanafunzi

Kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu mtu mmoja wa historia hii: Bacheeta, Kamurasi, Bombay, Kabalega au mkazi wa Fajao. Baada ya kurudi aandike ripoti yake, na katika kila sentensi yenye tukio ajiulize ni nani mtenda na ni nani aliyefichwa. Hili ni somo la sarufi kama lilivyo somo la historia.

Na barua ya ruhusa? Tuliandika Murchison, kwa kuwa ndilo jina la hifadhi katika vitabu vya serikali. Lakini kwenye bango la basi wanafunzi wenyewe wamechagua kuandika neno moja: UHURU. Sikuwa na sababu ya kuwakatalia.