Keki ya Diani na mvinyo usiokuwa wake

Historia ya keki za mapambo katika Kwale haianzii kwenye hoteli za Diani. Inaanzia Ramisi, kwenye miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza mwaka 1927 na kikadumu kwa miaka 60 hivi, hadi kilipofungwa mwaka 1988 na kuwaacha watu wengi wa upande wa Msambweni bila kazi. Nakitaja kwa sababu pambo la keki, ukiliondolea maua na rangi, ni sukari tupu. Huko Uingereza lilikotoka, sukari nyeupe ilikuwa ghali, na kadiri keki ilivyokuwa nyeupe ndivyo mwenye arusi alivyoonekana mwenye mali. Arusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 ilizidi kulipa sifa lile gamba gumu la sukari na ute wa yai. Waingereza wakaja nalo pwani, na sasa keki ya ghorofa haimshangazi mtu katika arusi za Ukunda.

Mgeni wa Diani anapoiagizia keki hiyo mvinyo wa Kiitaliano, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Utamu mwingi mdomoni huufanya mvinyo uonekane mchachu na mkali, hata kama chupa ni ya bei. Waitaliano wanalijua hilo, ndiyo maana mvinyo wao wa mwisho wa mlo ni mtamu, na vitafunio vyake ni vikavu na havina makuu. Vin Santo ya Toscana, ya zabibu zilizokaushwa kabla ya kukamuliwa, hunywewa na biskuti ngumu za lozi. Moscato d'Asti ya Piemonte, yenye povu kidogo na kilevi cha asilimia 5 hivi, huendana na panettone, mkate mtamu wa Krismasi. Gamba la sukari halimo katika jamaa hiyo. Mvinyo huo ulikulia penye keki za kawaida. Kuuweka mbele ya pambo la Kiingereza ni kuwaoza wasiojuana.

Na keki ya kawaida pwani tunayo tangu zamani: mkate wa mayai. Mayai na sukari hupigwa mpaka vikaumuka, ukatiwa unga wa ngano na iliki, bila mafuta wala hamira, kisha sufuria ikapaliwa makaa chini na juu. Kwa upishi ni ndugu wa pan di Spagna ya Waitaliano, inayoinuliwa na mayai peke yake. Kama lazima chupa ya Moscato ifunguliwe Diani, basi ifunguliwe kwa mkate huo.

Atasema mtu kwamba Kwale ni kwa Wadigo, wengi wao Waislamu, na habari za mvinyo haziwahusu. Ni kweli, na ukweli huo unaipa hoja yangu nguvu. Watu wasiotia kilevi mdomoni walikwisha kulitatua suala la kitamu kizito kwa kahawa chungu. Halwa, iliyosongwa kwa wanga, samli na sukari nyingi, ina uzito kama wa keki yoyote ya siagi, na bado kikombe kidogo cha kahawa huusafisha ulimi ukawa tayari kwa tonge jingine. Mwingine atadai Moscato ni tamu ya kutosha kuimudu keki yenye mapambo. Labda kwa tonge la kwanza. Baadaye utamu unajilimbikiza juu ya utamu, na katika joto la Diani, siagi ikianza kulainika juu ya keki, mlaji hutaka kitu cha kuukata, si cha kuuongeza.

Wenye hoteli za Diani, keki ya mapambo iandikieni kahawa chungu kwenye orodha ya vyakula, na mvinyo wa Kiitaliano uwekeeni mkate wa mayai. Mkate huo ununueni kwa akina mama wa Msambweni na Ukunda wanaoupika, kwa bei ile ile mnayoitoza keki ya ghorofa.