Mwalimu, Tuzo ya Nansen na Wakenya Wawili: Historia ya Hifadhi ya Wakimbizi Tanzania

Barabara kuu ya kutoka Mwanza hupita Bunda, ikafika Makutano, ambako msafiri huchagua: Musoma ziwani, au Butiama alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Asiyekata kona huendelea hadi Tarime na Sirari, mpakani mwa Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka huo ulifungwa, na Wakurya na Wajaluo wenye ndugu ng'ambo wakawa wageni kwa jamaa zao wenyewe.

Ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Mwalimu, Rais Daniel arap Moi wa Kenya na Rais Milton Obote wa Uganda kukutana Arusha na kumaliza ugomvi wa mali za Jumuiya. Mkoani Mara ilikuwa furaha. Lakini katika mapatano ya siku hizo, watu wawili walilipa kwa maisha yao.

Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikuwa askari wa Jeshi la Anga la Kenya. Jaribio lao la kumpindua Moi, tarehe 1 Agosti 1982, liliposhindwa, waliruka kwa ndege ya kijeshi hadi Dar es Salaam, wakapewa hifadhi. Hawakuwa watu wasio na lawama, maana zaidi ya watu 100 walikufa katika vurugu zile. Hata hivyo, walikuwa wamekimbilia Tanzania, na Tanzania ilikuwa imewapokea. Mwaka uliofuata walirudishwa Kenya, nayo Kenya ikawatoa Watanzania waliotuhumiwa kula njama ya kuipindua serikali ya Mwalimu. Ochuka na Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wakanyongwa katika gereza la Kamiti Julai 1987.

Mwaka huohuo wa 1983, Mwalimu alitunukiwa Tuzo ya Nansen, heshima kubwa kuliko zote ambayo Umoja wa Mataifa humpa mtu aliyewatumikia wakimbizi.

Aliistahili, na hilo lisemwe bila kusita. Tanzania ya Mwalimu iliwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959, Wamsumbiji waliokimbia vita vya Wareno, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na Wahutu wa Burundi walionusurika mauaji ya 1972. Hao wa mwisho walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka misitu, wakalima hadi wakawa wanauza chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, makumi ya maelfu ya Wanyarwanda walipewa uraia. Ni nchi chache duniani zilizofanya hayo, tena zikiwa maskini kiasi kile.

Kasoro ilikuwa kwenye sheria. Sheria ya wakimbizi ya 1965 ilikuwa, hata kwa jina lake, sheria ya kuwadhibiti. Ilimpa Waziri na maofisa wake mamlaka ya kumwambia mkimbizi akae wapi, na kumfunga akikaidi. Haki za mkimbizi mwenyewe haikuzigusa sana. Ukarimu wote ulitoka moyoni mwa viongozi, kwa hiyo kiongozi alipobadilika, au alipobanwa, mkimbizi hakuwa na pa kushika.

Hilo lilionekana wazi Mwalimu alipokwisha kung'atuka. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mapanga waliyonyang'anywa yalirundikwa mpakani. Kambi ya Benaco ikageuka mji kwa siku chache; miti ikaisha, maji yakawa ya kugombania, na wauaji wakajichanganya na wasio na hatia. Machi 1995 serikali ikafunga mpaka. Desemba 1996 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakarudishwa na askari. Karibu watu nusu milioni walivushwa bila kila mmoja kuulizwa anaogopa nini. Wenye hatia na wasio na hatia walitembea barabara moja.

Wakati huo Mwalimu alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi, kazi aliyoifanya hadi kifo chake Oktoba 1999.

Sheria mpya, Namba 9 ya 1998, iliunda kamati ya kuchunguza maombi ya hifadhi. Hata hivyo neno la mwisho likabaki kwa Waziri, na asiyeridhika humrudia Waziri huyohuyo. Mkimbizi hukaa kambini, na akitaka kutoka mbali kutafuta kuni au kibarua lazima awe na kibali mkononi.

Warundi wa 1972 waliambiwa wakane uraia wa Burundi ili wapewe wa Tanzania. Walikana. Wapatao 162,000 walikubaliwa, kisha vyeti vyao vikashikiliwa hadi Oktoba 2014. Mtu alilima, akazaa, akazika wazazi wake, huku akiwa si raia wa Burundi wala hana cheti cha Tanzania.

Waliokuja baada ya machafuko ya Burundi ya 2015 walikuta mlango umebana zaidi. Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kwa pamoja kama wakimbizi. Mwaka uliofuata ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia wakimbizi, na katika kipindi hicho soko walilochangia wakimbizi na wenyeji katika kambi ya Nyarugusu likafungwa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba Warundi kadhaa walikamatwa na kuteswa, na baadhi yao wakakabidhiwa kwa Burundi. Mwaka 2021 UNHCR ilisema maelfu ya Wamsumbiji waliokimbia vita vya Cabo Delgado walirudishwa kwa nguvu kupitia Mto Ruvuma.

Wabunge wa Musoma, Bunda na Butiama wana sababu ya pekee ya kulibeba jambo hili hadi Dodoma, kwa kuwa jina la Mwalimu ni urithi wa nyumbani kwao. Wadai sheria ya 1998 irekebishwe, ili mkimbizi aliyekataliwa apate kusikilizwa na mahakama kabla hajafikishwa mpakani.