NENO LA WIKI: Maji ya chumvi

Hapa Kisauni maji yote ya kisima tunayaita "maji ya chumvi". Nakataa. Sabuni ikikosa povu na birika likishika gamba jeupe, hiyo ni chokaa. Mvua hupenya mwamba wa matumbawe tulioukalia, ikauyeyusha polepole, na maji yakatoka na chokaa ya mwamba ule ule ambao wazee waliuchoma kujengea nyumba. Hayo ni maji magumu. Ukiyachemsha, sehemu ya chokaa hutuama. Maji ya chumvi ni ya bahari iliyoingia kisimani, hasa pampu zinapovuta kupita kiasi. Ulimi huyajua papo hapo, na kuchemsha huyazidishia ukali. Magadi nayo ni kitu kingine: kule Ziwa Magadi, kwenye ukame wa Bonde la Ufa, jua hunyonya maji na kuyaacha magadi yameganda.

Kinyume cha maji ya chumvi ni maji baridi, hata yakiwa yanachemka jikoni. Baridi ni neno la Kiarabu, lakini matumizi haya ni yetu, na inaniuma kusikia vijana wakidhani ni maji ya friji. Ya friji ni maji ya baridi.