Mali ya Chini ya Udongo ni ya Nani?

Mara nyingi watu wa vijiji hutuuliza: mali iliyo chini ya mashamba yetu ni ya nani? Hatuwezi kuwajibu vema pasipo kukumbuka mambo ya kale, kwa maana sheria ya migodi katika inchi yetu ya Kongo imegeuzwa mara nyingi.

Zamani wazee wa Katanga waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba midogo iliyotumiwa kama feza. Walichimba chini ya wakubwa wao. Lakini mwaka 1885 serikali ya Léopold II, mufalme wa Wabeleji, ilitangaza ya kwamba udongo wote usiokaliwa na watu ni mali ya Serikali. Mwaka 1891 M'Siri aliuawa kule Bunkeya, na inchi yake ikatwaliwa. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, iliyogawa ruhusa za kuchimba. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, nayo ikapewa ruhusa hata mwaka 1990. Wenyeji hawakuulizwa neno.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, bendera iligeuka, lakini ruhusa zile hazikugeuka. Ndipo ikatoka sheria ya tarehe 7 Juni 1966, iitwayo sheria ya Bakajika kwa jina la mujumbe wa Bunge aliyeianzisha. Kwa sheria hiyo Serikali ilirudishiwa udongo, misitu na migodi yote iliyotolewa mbele ya tarehe 30 Juni 1960. Mwanzo wa mwaka 1967 kompani ya Serikali ikashika kazi ya Union Minière. Baadaye ikaitwa Gécamines.

Tendo lile lilikuwa la haki. Lakini tuangalie vizuri: mali ilitoka mukononi mwa kompani, ikaingia mukononi mwa Serikali, kijijini haikufika. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka, na kazi ya Gécamines ikazidi kuzorota.

Tarehe 11 Julai 2002 ikatoka sheria mupya, iliyotaka kuvuta wageni wenye feza. Kwa shaba walidaiwa 2 kwa mia tu, nao waliahidiwa miaka 10 pasipo kugeuziwa masharti. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliongeza deni hilo kufika 3,5 kwa mia, na kwa madini yanayoitwa ya maana sana, kama kobalti, 10 kwa mia. Katika mapato hayo, jimbo linapata 25 kwa mia, na mutaa au utawala wa kienyeji wenye mugodi 15 kwa mia; sehemu ya 10 kwa mia inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena kila kompani yapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi, na kupatana nao kwa maandiko.

Basi jibu letu ni hili: mali ni ya Serikali, lakini kijiji kina sehemu yake. Sehemu isiyojulikana haidaiwi, na isiyodaiwa inapotea njiani. Mukatekista ajuaye kusoma aisome sheria hii pamoja na watu wake, mbele mashini hazijafika kwenye mashamba yao. Wazee wa mwaka 1885 hawakusomewa kitu. Sisi hatuna sababu ya kujitetea kama wao.