Kimathi: Kalamu Kabla ya Bunduki

Ukishuka matatu ya Kawangware au Kangemi ukaingia town kuswali Dhuhuri Jamia, Kimathi Street iko hapo karibu tu. Inapokutana na Mama Ngina Street pana sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe Kamiti. Ameshika bunduki. Vijana wengi tunapita tukidhani bunduki ndiyo iliyompandisha cheo. Hebu tuangalie historia.

Kimathi alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliingia jeshi la Mwingereza lakini hakudumu. Akawa karani, akawa mwalimu, na mwaka 1952 akawa katibu wa chama cha KAU upande wa Thomson's Falls, ambayo leo ni Nyahururu. Hali ya Hatari ikatangazwa Oktoba 20 mwaka huo, naye akaingia msitu wa Nyandarua.

Sasa jiulize, aliwapitaje wengine? Wenzake walikuwa na uzoefu wa vita. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikuwa amepigana Burma na jeshi la KAR. Kimathi alikuwa na kalamu. Aliandika barua kwa makamanda na hata kwa serikali, na akasisitiza kumbukumbu za wapiganaji ziwekwe. Agosti 1953, katika mkutano wa Mwathe, vikundi vilivyokuwa kila kimoja na lake vilikubali kuwa chini ya baraza moja, na Kimathi akachaguliwa kuliongoza. Februari 1954 likaundwa Bunge la Kenya huko huko msituni, yeye akiwa Waziri Mkuu.

Lakini hapa ndipo penye mtihani. Stanley Mathenge na viongozi wengine, wengi wao wasiojua kusoma, walilalamika kuwa wasomi wanawadharau. Wakajitenga na kuunda kundi lao, Kenya Riigi. Basi kalamu iliyowaunganisha ndiyo hiyo hiyo iliyowagawanya. Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa, Oktoba 21, 1956, hakuwa tena na jeshi la kuongoza.

Ndugu yangu, Kimathi hakuwa Muislamu, na vita vile vilimwaga damu ya raia pia. Lakini hikma muumini huiokota popote aionapo. Wahyi wa kwanza ulishuka katika mwezi huu wa Ramadhan, na amri yake ya kwanza ilikuwa ni kusoma. Sisi tulio chuoni, tukirudi mtaani tunazungumza vipi na mzee asiyejua hata kuandika jina lake? Elimu ikikupandisha, kiburi kisikushushe. Leo wakati wa kufuturu, kaa karibu naye, umsikilize.

Wabillahi tawfiq.