Ndururu Ing'aayo

Katika Kiswahili, fedha ndogo ndizo zilizoacha majina makubwa. Pesa ilikuwa kipande cha shaba. Zile alizozitoa Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zilikuwa na picha ya mizani upande mmoja. Hela nayo ilikuwa sehemu ya mia ya rupia ya Wajerumani, kuanzia mwaka 1904. Rupia yenyewe ilikuwa ya madini ya fedha, nzito na ya kutamanika, lakini leo hatusemi kwamba fulani ana rupia nyingi. Tunasema ana pesa, ana hela. Lugha imewakumbuka waliohesabu vipande vidogo, maana ndio waliokuwa wengi.

Nimekusanya sarafu kwa zaidi ya miaka 30, na nimeshughulika hasa na senti za Afrika Mashariki za enzi za Waingereza. Mfuko wa mwalimu wa shule haukuniruhusu kufuata dhahabu. Lakini kadiri nilivyoendelea niliona kwamba, kwa mtu anayetafuta sarafu iliyo safi kama ilivyotoka kiwandani, senti humsumbua kuliko shilingi. Sababu ya jambo hilo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa imenifunza historia ambayo sikuikuta katika vitabu nilivyofundishia.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, makao yake yakiwa London. Baada ya jaribio fupi la florini mwaka 1920, shilingi ilianza mwaka 1921, ikagawanywa katika senti 100. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Unguja ikaingia mwaka 1936. Shilingi ilikuwa na picha ya simba. Senti 1, 5 na 10 zilikuwa za shaba, zimetobolewa katikati. Upande mmoja tundu limekumbatiwa na pembe za ndovu, na upande wa pili pana taji na jina la mfalme wa Uingereza. Senti 5 iliitwa ndururu, senti 10 wengine waliiita peni, na senti 50 ni thumuni. Tundu lilipunguza madini yaliyohitajika, na liliwafaa wenye sarafu pia, kwani waliweza kuzitunga kwenye uzi na kuzifunga kiunoni.

Sasa tuje kwenye usafi wa sarafu. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alichapisha kitabu juu ya senti kubwa za mwanzo za nchi yake, zile za 1793 hadi 1814. Humo alizipa hali za sarafu namba kuanzia 1 hadi 70. Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hata ikawa taabu kuitambua. Namba 70 ni ile isiyo na dosari. Kipimo hicho baadaye kilichukuliwa kwa sarafu za kila aina, na tangu miaka ya 1980 yapo makampuni huko Marekani yanayopima sarafu kwa malipo na kuzifungia katika vikasha vya plastiki ngumu vyenye namba. Kuanzia 60 kwenda juu, sarafu huhesabiwa kuwa haikupata kutumika. Tofauti kati ya 64 na 67 haionekani kwa jicho la mtu wa kawaida, lakini bei inaweza kupanda mara nyingi.

Mimi hutumia kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani. Nikipewa rundo la senti, kwanza huzitenga kwa rangi. Shaba mpya ina wekundu unaong'aa. Hewa huigeuza polepole kuwa kahawia. Wapimaji hutofautisha nyekundu, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na kahawia kabisa, na ile nyekundu ndiyo yenye bei. Kisha huigeuzageuza sarafu chini ya mwanga. Mng'ao wa kiwandani hutembea juu ya uso wake mwanga unapohama, lakini mng'ao wa kusuguliwa umekufa, hautembei. Mwisho hutazama sehemu zilizoinuka kuliko nyingine: taji na pembe za ndovu. Hapo ndipo vidole vya watu huanza kula.

Hata hivyo haifai kuharakisha kuhukumu. Sarafu inaweza kuwa hafifu kwa kuwa ilipigwa chapa vibaya tangu mwanzo, wala si kwa kutumika. Mfano mzuri ni hela 20 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita na sarafu hazikuweza kufika kutoka Ulaya. Zilitengenezwa kwa shaba iliyopatikana, kwa mashine za karakana ya reli. Nyingi zina herufi zilizofifia, na bado hazikuwa zimeguswa na mnunuzi wala muuzaji yeyote. Anayetaka kuipima sarafu hana budi kujua kwanza ilizaliwaje.

Vivyo hivyo hana budi kujua ni nini hasa kilicho adimu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja, kisha akajiuzulu mwezi Desemba. Kwao hakuwahi kutoa sarafu za matumizi ya kila siku zenye sura yake. Lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura; zilihitaji jina tu kuzunguka tundu. Kwa hiyo zilitengenezwa kwa mamilioni, na jina la mfalme ambaye watu wake hawakuliona katika shilingi zao likafika sokoni Mombasa na Mwanza juu ya ndururu. Wageni wengi husikia kisa hiki wakadhani sarafu hiyo ni mali kubwa. Sivyo. Ndururu ya 1936 iliyochakaa inapatikana kwa bei ndogo. Iliyo adimu ni ndururu ya 1936 ambayo bado ni nyekundu.

Na hapo ndipo lilipo swali langu. Kama zilitengenezwa kwa mamilioni, zote zilikwenda wapi zilipokuwa mpya? Mkusanyaji atajibu kwamba zilitumika, na jibu hilo ni sahihi, ila halijatosha. Shilingi pia zilitumika, lakini shilingi iliweza kufukiwa chini ya kitanda. Ndururu haikuwa fedha ya kuwekwa. Ilikuwa chumvi ya leo, kiberiti cha leo, mafuta ya taa ya usiku huu. Fikiria mtu aliyedaiwa kodi ya shilingi 10, naye anauza mayai na ndizi. Deni hilo lilikuwa ndururu 200. Kila moja iliyoingia mkononi mwake ilikuwa na mwenyewe tayari. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kilikuwa cha serikali.

Kwa hiyo nikiona ndururu iliyosagika hata taji likawa kivuli, siisomi tena kuwa ni sarafu mbovu. Naisoma kuwa ni daftari la watu ambao hawakuweza kuiacha ilale. Na nikiona iliyong'aa, siulizi tu imefikia namba ngapi. Nauliza ni nani aliyekuwa na nafasi ya kutoihitaji. Mara nyingi jibu linatoka mbali: sarafu hizi ziligongwa Uingereza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili nyingine ziligongwa Bombay zikiwa na herufi I, na Pretoria zikiwa na herufi SA. Nyingi kati ya zile nyekundu nilizoziona zilikuwa zimekaa Ulaya, katika makabati ya wakusanyaji, hazikupata kuvuka bahari kuja kutumika. Ni senti za Afrika Mashariki ambazo hazikuijua Afrika Mashariki.

Mara nyingi, lakini si mara zote. Miaka michache iliyopita alinijia kijana mmoja kutoka kijiji cha jirani, ameshika mkebe wa majani ya chai. Bibi yake alikuwa amefariki, na wenzake walikuwa wamemwambia kwamba senti za tundu zinanunuliwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umezisugua, sivyo?"

Alikuwa amezisugua nusu yake, kwa ndimu na majivu, kama tusuguavyo vyombo vya shaba. Zilimeta kama masufuria ya harusi. Nilimweleza kwamba ndimu huondoa ngozi ya sarafu pamoja na uchafu wake, na kwamba hakuna mkusanyaji atakayezilipia zaidi ya thamani ya shaba. Alisikitika, akataka kufunika mkebe. Nikamwomba nione zilizobaki. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, na ndani yake senti 10 ya mwaka 1964, nyekundu, pembe zake kali hata ncha.

Senti ya mwaka huo ina historia yake. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, lakini benki kuu za nchi hizi zilikuwa hazijaanza kutoa sarafu zao. Hilo lilikuja kuanzia mwaka 1966. Katika kipindi hicho cha kati, senti 5 na 10 za 1964 zilitoka bila jina la mfalme wala malkia. Pembe za ndovu zilibaki, na jina la Afrika Mashariki.

Nikamuuliza kijana kwa nini ile ilifungwa peke yake. "Sijui, mwalimu. Bibi alikuwa akisema hiyo isitumike."

Nilimwambia ukweli: kwamba ile moja ilikuwa na bei kuliko mkebe mzima, ingawa si bei ya kujengea nyumba, kwa kuwa za mwaka huo hupatikana safi. Nilimwambia aishike kwa ukingo, asiigusie kidole usoni, na asiitie katika mifuko laini ya plastiki, maana baadhi yake huacha utando wa kijani unaokula shaba. Kisha nikamtajia bei ambayo mimi ningelipa. Alifikiri kidogo, akaniuzia mkebe, akairudisha ile moja katika kanga.

Tangu siku hiyo nimepunguza kiburi changu juu ya sarafu zilizotumika. Nilikuwa nikidhani kwamba sarafu ing'aayo ni sarafu isiyo na historia, ya matajiri na makabati. Kumbe mara moja moja ni kinyume chake. Mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kununua chumvi aliitazama senti, akaamua hii haitoki. Uamuzi ule hauandikwi popote ila juu ya uso wa shaba.

Wamarekani wanaufahamu upande mwingine wa jambo hili. Senti zao za siku hizi walizijaza katika chupa na madebe, na wakusanyaji wao hununua mafungu mazima benki wakitafuta moja isiyo na mkwaruzo. Hata huko si rahisi: tangu mwaka 1982 senti yao ni zinki iliyopakwa shaba nyembamba, na mara nyingi hutoka kiwandani na madoa au malengelenge. Tarehe 12 Novemba 2025, huko Philadelphia, waligonga senti za mwisho za matumizi ya kawaida, baada ya miaka 232, kwa kuwa kutengeneza moja kulikuwa kumepita senti 3. Magazeti ya dunia yaliandika. Senti zetu za Tanzania hazikuagwa hivyo. Shilingi ilipoishiwa nguvu, zilitoweka mifukoni moja moja, na watoto wakazichezea.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta senti katika droo ya wazee wako, usiisugue. Itazame kwanza. Kama imesagika, jua kwamba ilifanya kazi, na uiweke hata kama hakuna atakayeinunua. Kama inang'aa, tafuta bei yake kwa mtu mwaminifu, si kwa wa kwanza kukutana naye. Lakini kabla ya kuuza, uliza nyumbani kwenu, wakati angali yupo wa kujibu, ni nani aliyeiweka, na alijinyima nini siku ile.